Kaka anataka kutia dola 4,000 kwenye hisa za kampuni ya kebo Marekani kwa sababu sasa wanauza simu. Wajuzi njooni

Mtoto wa Ubungo (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kaka yangu yuko Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na moja huu, anaendesha lori. Juzi kanipigia, anasema ana dola 4,000 zimekaa tu na anataka kununua hisa za kampuni ya kebo, hizi zinazoleta TV na intaneti majumbani. Sababu yake ni kwamba kampuni za kebo sasa zinauza laini za simu za mkononi kwa bei ya chini na watu wanahamia kwa wingi. Maneno yake: "Dogo, hii ndiyo teknolojia inayochipukia, anayewahi ndiye anayekula."

Mimi nina milioni mbili nilizokuwa nakusanya kwa ajili ya pikipiki. Anataka nimtumie tuweke pamoja.

Mambo ya hisa nayajua kwa kusikia. Nilinunua Voda 2017 kwa shilingi 850 kama Watanzania wengine, elimu yangu imeishia hapo. Naomba kuelimishwa: simu ya kebo ndiyo nini? Kebo si ni TV? Na ni kweli anayewahi ndiye anayekula?

Kambi Popote

Naweka kambi. Siti ya mbele kabisa, karanga ninazo.

Shamba Kwanza

Ongezea kidogo ununue kiwanja Chanika. Hisa za Wazungu utazishika wapi?

Mtoto wa Ubungo

Mkuu wewe kila uzi ni kiwanja. Hata ule wa kuku wanaoharisha ulisema kiwanja.

Shamba Kwanza

Kiwanja hakiharishi.

Fundi Koaksia

Ngoja nivae miwani, hili nimelishika kwa mikono.

Kuanzia 2005 hadi 2011 nilikuwa fundi wa kufunga simu za kebo Marekani, chini ya mkandarasi, nalipwa kwa nyumba, si kwa saa. Sasa niko Tanga nafunga kamera na ving'amuzi. Nitaanza na swali lako la kebo si ni TV.

Ilikuwa TV. Waya mnene wa koaksia, kama huo wa dishi lako, unatoka nguzoni unaingia sebuleni. Ulilazwa miaka mingi kwa ajili ya picha tu, tena kwa upande mmoja: kampuni inatuma, wewe unatazama. Miaka ya tisini wakaubadilisha kati ya mtambo na mtaa, wakaweka nyuzi za kioo, wakatengeneza na njia ya kurudi. 1997 ukatoka utaratibu wa modemu unaoitwa DOCSIS, ili modemu ya kiwanda chochote ifanye kazi kwenye kebo yoyote. Toleo lililofuata, la 1999, ndilo lililofungua mlango wa simu, kwa sababu liliweza kuvipitisha mbele vipande vya mazungumzo visikae foleni nyuma ya mtoto anayeshusha muziki. Sauti haivumilii foleni. Barua pepe ikichelewa sekunde moja hujui; "haloo" ikichelewa sekunde moja mnakatana maneno mpaka mnagombana.

Sasa tazama kwa jicho la mfanyabiashara. Kampuni ya simu ina waya wake wa shaba nyumbani kwako. Kampuni ya kebo ina wake, na huo umeshalipiwa na TV. Kuongeza simu juu yake ni modemu, betri, na fundi kama mimi kwa saa moja na nusu. Ndiyo maana kila mtu aliyekuwa na hela kidogo kipindi kile aliniambia alichokuambia kaka yako.

Nitarudi, kuna mteja hapa kamera yake inaonyesha ukuta.

Mtoto wa Ubungo

Asante mkuu. Tunasubiri.

Bibi Mizania

Wakati fundi anahangaika na ukuta, mimi nijibu hilo la anayewahi. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka ishirini na mitatu na hadithi hii huwa nawafundishia vijana wanaokuja kufanya mazoezi ofisini.

Wa kwanza kuwahi kwa kishindo alikuwa AT&T, baba wa simu Marekani. Sheria ya mawasiliano ya 1996 iliruhusu kampuni za simu na za kebo kuingiliana mashamba. Mkuu wa AT&T wakati ule, C. Michael Armstrong, akaona kwamba njia fupi ya kufika majumbani bila kuwalipa wenye nyaya za mitaani ni kununua kebo. 1998 akatangaza kuinunua TCI, mwaka uliofuata akaitaka MediaOne. Zote mbili pamoja, ukihesabu na madeni yao, zilivuka dola bilioni 100.

Wazo lilikuwa sahihi! Hapa ndipo penye utamu. Simu kweli ilikuja kupita kwenye kebo, tena kwa mamilioni. Lakini AT&T ilinunua kwa bei ya juu, kwa deni, na nyaya nyingi ilizorithi zilikuwa chakavu, zikataka ukarabati kabla hujapata hata mteja mmoja wa simu. Desemba 2001 ikakubali kuiuza biashara yote ya kebo kwa Comcast, na mauzo yakakamilika Novemba 2002. Comcast ndiyo iliyokuja kuvuna alichopanda mwenzake.

Kwa hiyo mwanangu, huyo aliwahi. Alikula nini?

Kambi Popote

Alikula hasara. Endelea mama.

Juja Line

Niaje wadau, Nairobi hapa. Swali la mjinga: hizo simu za kebo ni ile VoIP, yaani simu ya kupitia intaneti? Maana hapa kwetu Zuku waliileta hiyo ya waya mmoja, TV, intaneti na simu. Lakini sisi wengi tuliruka simu ya mezani kabisa, tukatoka kwa kibanda cha simu moja kwa moja hadi kwa rununu. Ndiyo maana sielewi ni nani alikuwa anang'ang'ania simu ya nyumbani 2005.

Fundi Koaksia

Nimerudi. Ndugu wa Juja, ndiyo, ni simu ya intaneti, lakini hapo pana mtego na pesa za watu wengi zilipotelea humo. Kulikuwa na aina mbili.

Ya kwanza ni ya kampuni ya kebo yenyewe. Sauti yako inasafiri kwenye waya wao na mtandao wao mpaka inapokabidhiwa kwa kampuni za simu. Foleni wanaipanga wao. Time Warner Cable walianza Portland, Maine, 2003. Cablevision ya New York ikaifungua kwenye eneo lake lote Novemba 2003, dola 34.95 kwa mwezi, unapiga Marekani na Canada mpaka uchoke. Juni 2004 wakafanya fitina kubwa zaidi: TV, intaneti na simu, kila kimoja dola 29.95 ukichukua vyote vitatu. Comcast ikaingia kwa nguvu 2005, ndipo na mimi nikapata kazi.

Ya pili ni ya kampuni zisizo na waya wowote, Vonage ndiyo maarufu. Wanakutumia kisanduku kwa posta, unakichomeka kwenye intaneti uliyonunua kwa mtu mwingine. Wapangaji kwenye nyumba ya watu.

Na nani alikuwa anang'ang'ania simu ya nyumbani? Kila mtu! Namba ya nyumbani ilikuwa kwenye shule ya mtoto, benki, kengele ya wezi, daktari. Nilikuwa nafunga nyumba tano, sita kwa siku. Ukifika huanzii sebuleni, unaanzia nje ukutani, kwenye kisanduku cha kijivu cha kampuni ya simu. Unakifungua, unachomoa waya wa kampuni ya simu, unaufunga tepu nyeusi, halafu ndani unachomeka modemu yako kwenye tundu la simu ili nyaya zote za nyumba zipate uhai kutoka kwako. Ukisahau kuchomoa, umeme wa kampuni ya simu, volti 48 zinazotoka kituoni kwao, na ule wa kengele ulio mkali zaidi, unaingia kwenye modemu na kuiua. Niliua mbili wiki ya kwanza. Tangu hapo nikawa mtu wa tepu, mpaka mke wangu akawa ananitania kwamba nitaifunga tepu na chai.

Wazee walikuwa na swali moja: umeme ukikatika je? Simu ya shaba inapata umeme wake kituoni, nyumba ikiwa giza bado inalia. Ya kebo ilikuwa na betri ya saa nane hivi ndani ya modemu. Nilikuwa nawaambia ukweli. Wengine walinifukuza kwa adabu kabisa, na chai wakanipa.

Mtoto wa Ubungo

Mkuu na wewe ulinunua hisa?

Fundi Koaksia

Mdogo wangu umenigusa kidonda.

Nilinunua. Lakini nilijiona mjanja, sikununua za kampuni ya kebo wala za simu. Asubuhi tulikuwa tunapanga mstari ghalani kuchukua modemu za simu na mara nyingi zilikuwa zinaisha kabla foleni haijaisha. Nikajiambia, kinachogombaniwa ndicho cha kununua. Nikanunua hisa za kiwanda kimoja kidogo cha vifaa hivyo, sikitaji jina. Akiba ya miezi kumi na minne.

Sikujua kitu kimoja. Ule utaratibu wa modemu zote kufanya kazi kwenye kebo zote, niliousifia hapo juu, maana yake ni kwamba kampuni ya kebo inaweza kumwacha muuzaji Ijumaa na kumchukua mwingine Jumatatu. Siku moja tumefika ghalani, maboksi yana rangi nyingine. Nilicheka kwanza. Nilipofika kwenye gari ndipo nikakumbuka hisa zangu. Niliuza kwa theluthi moja ya nilichotoa.

Si kwamba waliouza vifaa wote walikufa. Scientific-Atlanta ilinunuliwa na Cisco kwa dola bilioni 6.9, mpango ulitangazwa mwishoni mwa 2005. Arris, ambao modemu zao nimefunga nyingi sana, walikua mpaka wakainunua Motorola Home kutoka Google 2013, na 2019 na wao wakanunuliwa na CommScope. Kwa hiyo aliyechagua vizuri alipata. Mimi nilichagua kwa kutazama foleni.

Shamba Kwanza

Hiyo akiba ingekuwa kiwanja Kange.

Fundi Koaksia

Leo sikubishii.

Bibi Mizania

Pole sana fundi. Sasa niwaletee ya Vonage maana fundi kawaita wapangaji na hakukosea.

2005 mapato yao yalikuwa kama dola milioni 269. Matangazo na utafutaji wa wateja mwaka huohuo uliwala kama milioni 243. Soma tena hizo namba mbili. Hasara ilikaribia mapato yenyewe. Walikuwa wanamnunua mteja kwa bei ghali, halafu anahamia kwa kampuni ya kebo kwa sababu ya kifurushi cha vitatu.

Tarehe 24 Mei 2006 wakaingia soko la hisa la New York kwa dola 17 kwa hisa. Siku ya kwanza tu ikafunga 14.85. Na jambo ambalo sijaliona mara nyingi: wateja wao wa simu walitengewa sehemu ya hisa wanunue kwa bei ya mwanzo. Bei ilipoporomoka, baadhi ya wateja wakakataa kulipa, wengine wakaenda mahakamani. Fikiria mteja wako wa simu anakuwa mwanahisa wako Jumatano na mshitaki wako wiki inayofuata.

Machi 2007 baraza la mahakama likaona wametumia hataza (haki za uvumbuzi) za Verizon, kampuni kubwa ya simu, wakatozwa dola milioni 58, na baadaye mwaka huo wakamalizana kwa kiasi kikubwa zaidi ya hicho. Mwenzao SunRocket alifunga milango Julai 2007, wateja kama laki mbili wakabaki na visanduku visivyolia. Kufikia mwisho wa 2008 hisa ya Vonage ilikuwa chini ya dola moja.

Juja Line

Woi. Kutoka 17 hadi sarafu. Safaricom yetu ilitoka 2008 kwa shilingi 5, ikashuka chini ya 3, tukalia sana. Kumbe tulikuwa na bahati.

Bibi Mizania

Subiri, haijaisha. Vonage wakaacha kung'ang'ania simu za nyumbani, wakageukia kampuni zinazotaka kuweka sauti na ujumbe ndani ya programu zao. Novemba 2021 Ericsson wa Sweden akatangaza kuwanunua kwa dola 21 kwa hisa, bilioni 6.2 jumla, akamaliza 2022.

Kwa hiyo aliyenunua kwa 17 siku ya kwanza na kulala usingizi miaka kumi na sita aliamka na 21. Aliyenunua kwa senti wakati kila mtu anacheka alitajirika. Na Ericsson mwenyewe 2023 alilazimika kufuta kwenye vitabu vyake krona bilioni 32 za Sweden, nyingi zikiwa za ununuzi huo huo. Huu mkia wa hadithi huwa nauficha mpaka mwisho, vijana wangu hutoa macho.

Mtoto wa Ubungo

Mama nimeelewa, wapangaji si wa kununua. Basi wenye nyumba! Si ndio kaka anaowataka, kampuni ya kebo yenye waya wake?

Bibi Mizania

Haraka haraka. Mwenye nyumba naye huweka nyumba rehani.

Charter, kampuni nyingine ya kebo. Waya wake mwenyewe, intaneti inauzika, wateja wa simu wamevuka milioni moja kufikia 2008 na wanaongezeka. Ungetazama wateja tu ungenunua. Lakini deni lilikuwa zaidi ya dola bilioni 21, riba inakula kila kinachoingia. Machi 2009 ikaomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Ilipotoka mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa na waya uleule, wateja walewale, mafundi walewale, hata magari yaleyale. Hisa za zamani? Sifuri. Si "zimeshuka", ni sifuri. Waliokuwa wanaidai ndio waliogeuka wenye kampuni.

Na hisa mpya zilizotolewa kutoka kwenye majivu hayo zilipanda mpaka zikapita dola 800 mwaka 2021.

Kampuni ileile, teknolojia ileile. Mmoja alipoteza yote, mwingine akazidisha zaidi ya mara ishirini. Tofauti ni nani alikuwa ameshika karatasi gani na deni lilikuwa limekaa wapi.

Kambi Popote

Hizi ni nondo. Karanga zimeisha natuma mtoto dukani.

Lori la Ohio

Habarini za huko. Mimi ndiye kaka mwenyewe. Dogo kanitumia kiungo, nimesoma yote nikiwa nimepaki napumzika. Fundi na mama, shikamooni kama ni wakubwa.

Ninaheshimu yote lakini mnazungumzia simu ya mezani ya 2005. Mimi nazungumzia simu ya mkononi ya leo. Nina laini yao mwenyewe, nalipa nusu ya nilichokuwa nalipa zamani, na mtandao unashika mpaka kwenye vituo vya mizani. Madereva wenzangu watatu wamehamia. Kitu ninachokitumia na kukiona kwa macho, kwa nini nisinunue?

Bibi Mizania

Marahaba baba. Wateja wa Vonage nao walikuwa wanaitumia na kuipenda, ndiyo maana walitengewa hisa. Kuipenda bidhaa kunakuambia wewe umepata bei nzuri. Mara nyingine bei nzuri kwako ni faida ndogo kwa muuzaji.

Fundi Koaksia

Marahaba mdogo wangu, na pole na barabara.

Hebu nikueleze hiyo laini yako inavyofanya kazi. Ukiwa nyumbani inakaa kwenye waifai ya kebo. Ukiwa kituo cha mizani hauko kwenye mtandao wa kampuni ya kebo hata kidogo, uko kwenye mnara wa Verizon. Comcast, Time Warner Cable na wenzao walikuwa wamenunua masafa ya redio wakitaka kujenga minara yao. Hawakujenga. Mwishoni mwa 2011 wakakubali kumuuzia Verizon kwa dola bilioni 3.6, na ndani ya mapatano wakapata haki ya kuuza huduma ya Verizon kwa jina lao. Comcast wakaanza kuitumia 2017, Charter 2018.

Kwa maneno mengine, wale waliokuwa na nyumba kwenye simu ya mezani, kwenye simu ya mkononi ndio wapangaji sasa. Unaona mzunguko ulivyo?

Lori la Ohio

Hilo sikulijua. Nilidhani minara ni yao.

Juja Line

Sasa wanapata faida aje kama minara si yao?

Fundi Koaksia

Hapo ndipo nampa kaka haki yake kidogo. Data nyingi ya simu mtu anaitumia akiwa nyumbani au kazini, kwenye waifai, na hiyo haiwagharimu kodi ya mnara. Wanamlipa Verizon kwa kile kinachotumika barabarani. Mteja wa kawaida anawafaa. Dereva wa lori anayetazama mpira njia nzima, sina hakika 😀

Lakini nadhani faida ya laini si lengo kuu, kama ambavyo haikuwa kwenye simu ya mezani. Mteja wa vitu vitatu alikuwa mgumu kuhama. Nilipokwenda kumchomolea mtu huduma, aliyekuwa na TV pekee tulimaliza dakika kumi. Aliyekuwa na simu alianza kuhesabu: namba itahamia lini, kengele ya wezi itaungwa na nani, mwisho anasema "hebu ngoja kwanza." Simu ilikuwa komeo la mlango. Kilichokuwa kinalindwa ndani ni intaneti.

Comcast 2009 ilishakuwa kampuni ya tatu kwa ukubwa Marekani kwa simu za majumbani. Halafu ikawaje? Simu za mkononi zikaimeza biashara yote. Kuna uchunguzi wa mamlaka ya afya ya Marekani, ya afya kabisa, maana wao huwapigia watu simu kwa ajili ya tafiti na walihitaji kujua nani ana simu gani. Nusu ya pili ya 2016 nyumba zaidi ya nusu hazikuwa tena na simu ya mezani, ni mkononi tu. Ile kazi yangu iliyonilipa kwa nyumba imekufa. Waya bado unalipa.

Bibi Mizania

Na ndiyo maana anayenunua leo asihesabu laini za simu tu. Laini zinapendeza: mwisho wa 2024 Charter ilikuwa nazo karibu milioni 10, Comcast karibu milioni 8. Lakini kile kilicho nyuma ya komeo ndicho kinachovuja. T-Mobile na Verizon wanauza intaneti ya nyumbani kwa 5G, bila fundi, bila kuchimba. Wengine wanalaza nyuzi za kioo mpaka mlangoni. Julai 2025 Charter ilitangaza kwamba imepoteza wateja zaidi ya laki moja wa intaneti kwa robo mwaka. Laini za simu ziliongezeka robo hiyohiyo. Hisa ikaanguka karibu asilimia 18 siku moja.

Deni lake ni zaidi ya dola bilioni 90, na Mei 2025 walitangaza kuinunua Cox, kampuni nyingine ya kebo. Sisemi watafilisika, ukubwa wao na mapato yao si vya 2009. Nasema ukurasa wa deni ndio wa kwanza kufungua. Altice USA, ambao ndio walioichukua Cablevision ya dola 29.95 aliyoitaja fundi, waliingia sokoni 2017 kwa dola 30 kwa hisa. 2024 ilikuwa inauzwa chini ya dola 3. Waya wa New York uleule.

Lori la Ohio

Mama umenivunja miguu. Kwa hiyo nisinunue kabisa?

Bibi Mizania

Sijasema hivyo. Kuna wanaosema bei imeshuka mno na hofu imezidi, na historia ya Charter na ya Vonage inaonyesha kwamba pesa nzuri ilipatikana na walionunua wakati wa kilio. Mimi nisingeweka zote 4,000 kwenye kampuni moja kwa sababu ya laini ya simu. Ukitaka kampuni inayolipa gawio, Comcast inalipa, Charter hailipi. Fungua ripoti yao ya mwaka, iko bure mtandaoni. Tafuta vitu vitatu: deni na linaiva lini, wateja wa intaneti wanaongezeka au wanapungua, na baada ya kulipia vifaa na riba kinabaki nini. Ukimaliza njoo utuambie.

Na jambo la pili, hili ni la familia. Hizo milioni mbili za mdogo wako, hisa zitakuwa kwa jina la nani?

Lori la Ohio

Jina langu. Yeye yuko Dar.

Bibi Mizania

Basi huyo hana hisa, ana ahadi ya kaka. Na akifungua akaunti kwa jina lake akiwa Dar, gawio lolote kutoka Marekani litakatwa asilimia 30 kabla halijamfikia, maana hatuna mkataba wa kodi na Marekani wa kulipunguza. Kama mtachanga, andikianeni hata kwenye daftari, kiasi gani, tarehe gani, kikipungua nani anabeba. Nimeona ndugu wakinuniana kwa pesa ndogo kuliko hiyo.

Mtoto wa Ubungo

Kaka samahani, nilitaka kukuambia kwa simu lakini acha niseme hapa mbele ya mashahidi. Pikipiki nimeshalipia Jumamosi. Niliposoma ile ya AT&T nikatoka mbio.

Shamba Kwanza

Afadhali. Itakupeleka Chanika kuangalia kiwanja.

Lori la Ohio

😂😂 Haya dogo, vaa kofia ngumu. Mimi nitasoma hiyo ripoti wikiendi. Nikiingia nitaingia na 800, si 4,000, na nitarudi hapa kusema ni kampuni gani na kwa nini.

Fundi, kitu kimoja. Nyumba niliyopanga ina hicho kisanduku cha kijivu nje ukutani, miaka yote nilidhani ni cha umeme. Nimerudi leo, nimekwenda kukifungua.

Fundi Koaksia

Umeme hauna kisanduku kidogo vile. Columbus sikuwahi kufika. Waya umechomolewa?

Lori la Ohio

Umechomolewa. Umekunjwa, umefungwa tepu nyeusi mpaka mwisho. Kuna kikaratasi, mtu kaandika kwa kalamu 10/06.

Fundi Koaksia

Oktoba 2006. Tepu bado imeshika?

Lori la Ohio

Imeshika.

Fundi Koaksia

Huyo alikuwa fundi. Kifunge taratibu, bawaba zake huvunjika.